P0522 na taa ya oili: pima kwanza, ndipo ufungue injini

*"Fundi, salaam. Gari yangu ni ya Kijapani ya mwaka 2014, petroli, cc 1990, imetembea kilomita 148,000. Naishi Mwanza, naitumia kufuata dagaa Buchosa na kuwaleta Mwaloni, Kirumba. Wiki tatu zilizopita taa ya injini iliwaka, kisha taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka na kuzima, hasa nikiwa kwenye njia ya vumbi. Fundi wa kwanza alichomeka mashine ikatoa msimbo wa hitilafu P0522, akasema pampu ya oili imekufa, injini ifunguliwe. Wa pili akasema ni sensa tu. Nikanunua mpya, yenye pini tatu, taa ikatulia siku mbili ikarudi. Wa tatu anasema niweke oili nzito, 20W-50, na taa ikiendelea akate waya wake. Oili ipo kwenye alama, injini haina mlio wowote mbaya. Nifungue injini au nibadilishe sensa tena? Na wakati nasubiri, naweza kuendelea na safari za kuvuka daraja kwenda Buchosa?"*

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye haraka. Hapana, usivuke daraja na gari hilo kwa sasa. Lipaki mpaka presha ya oili ipimwe kwa geji inayofungwa kwenye injini yenyewe. Kwa fundi mwenye geji hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Dalili ulizozitaja zinanielekeza kwenye nyaya zaidi kuliko kwenye pampu, na nitakueleza kwa nini. Lakini injini iliyokosa presha kweli huharibika ndani ya dakika chache, na hasara yake haiwezi kufidiwa na mzigo wowote wa dagaa.

Naona kinachokuumiza kichwa: mafundi watatu wameangalia gari moja, wamekupa majibu matatu, na kila jibu lina bei yake. Moja umeshalilipia. Unataka kujua umwamini yupi kabla ya kutoa hela nyingine. Kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna hata mmoja aliyepima. Wa kwanza alisoma msimbo akautafsiri kuwa presha, wa pili akautafsiri kuwa sensa, wa tatu hakujali msimbo unasema nini, alitaka taa inyamaze. Msimbo wenyewe hausemi lolote kati ya hayo.

Katika orodha ya misimbo inayotumiwa na magari ya makampuni mbalimbali, P0520 hadi P0523 inahusu saketi ya sensa ya presha ya oili. P0520 ni hitilafu ya saketi kwa jumla, P0521 ni kipimo kisichoendana na hali ya injini, P0522 ni volti iliyo chini mno, P0523 ni volti iliyo juu mno. Presha yenyewe ikiwa ndogo ina msimbo wake, P0524. Kompyuta ya gari lako imesema tu kwamba kwenye waya unaoleta taarifa kutoka kwa sensa imekuta volti ndogo kuliko inavyotarajia. Sababu haikuitaja kwa sababu haiijui.

Ili uone kwa nini tofauti hiyo ina uzito, tuangalie mfumo unavyofanya kazi. Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikaisukuma kupitia filta hadi kwenye njia kuu iliyo ndani ya bloku. Kutoka hapo oili inakwenda kwenye beringi za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, halafu inapanda juu kwenye kemshafti, inayofungua vali. Presha ikishuka, sehemu za juu ndizo hutangulia kukosa oili, kama nyumba za mlimani Bugarika na Mabatini maji ya bomba yanapopungua nguvu. Beringi za krenki nazo zinategemea utando mwembamba wa oili unaozuia chuma kisiguse chuma. Utando huo ukikosekana, joto la msuguano huzila beringi, na ndipo unaposikia injini inagonga. Kwa hiyo usijipe moyo kwa sababu injini iko kimya. Mlio huja baada ya madhara.

Sensa imefungwa kwenye ile njia kuu. Ndani yake mna kiwambo chembamba kinachosukumwa na presha, pamoja na saketi ndogo inayogeuza msukumo huo kuwa volti. Pini tatu ulizoziona kwenye sensa mpya zina kazi tatu: moja inapokea volti 5 kutoka kwenye kompyuta, ya pili ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ya tatu inarudisha taarifa. Kwa sensa nyingi za aina hii, presha ikiwa sifuri waya wa taarifa unakuwa na takriban volti 0.5, na presha ikifika kilele cha uwezo wa sensa unapanda hadi karibu 4.5.

Hebu jiulize kwa nini isianzie sifuri kabisa, ikaishia tano kamili. Waliobuni walifanya hivyo makusudi, ili kompyuta iweze kutofautisha presha iliyokwisha na waya ulioharibika. Injini ikiwa imezimwa, presha sifuri, sensa nzima bado inatoa nusu volti. Kompyuta ikiona volti 0.1, inajua kwamba hata injini isiyo na tone la oili haiwezi kufanya sensa nzima itoe namba hiyo. Lazima umeme umekosekana au unavuja mahali fulani. Hapo ndipo inapoandika P0522. Hii ndiyo sababu simuungi mkono fundi wa kwanza aliyetaka kufungua injini kwa ushahidi wa msimbo huu peke yake.

Niwe mkweli pia upande wa pili. Watengenezaji hawaweki mipaka yao sawasawa, na wapo wanaoruhusu msimbo huu uingie hata presha inapokuwa ndogo kweli. Sensa nayo inaweza kuwa imekufa huku pampu nayo imechoka, yote kwa pamoja. Ndiyo maana geji inatangulia, ingawa moyo wangu uko kwenye nyaya.

Sasa dalili zako. Presha ikishuka kwa sababu ya pampu au beringi zilizolika, taa huwa na tabia inayojulikana: inawaka injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inazunguka yenyewe bila kukanyagwa mafuta, ukikanyaga mafuta kidogo inazima. Injini ya namna hiyo haichagui barabara. Yako inawaka kwenye njia ya vumbi, gari linaporukaruka. Mtikisiko unaweza kuleta upungufu wa presha wa kweli pale oili inapokuwa kidogo, pampu ikavuta hewa, lakini wewe umeshaangalia stiki na oili ipo kwenye alama. Halafu kuna siku mbili za utulivu baada ya kufunga sensa mpya. Fundi alipochomoa soketi na kuichomeka tena, alisugua pini bila kujua, zikagusana vizuri kwa muda. Mtikisiko ulipoendelea zikaachana. Nimeiona tabia hiyo mara nyingi kwenye magari ya njia mbovu, na mara nyingi sensa ya zamani iliyotupwa huwa nzima. Kama bado unayo, itunze.

Tuanze na geji. Fundi anafungua sensa, anafunga geji ya mshale mahali pake kwa adapta. Hapa mwambie awe mwangalifu: nyuzi za sensa za Kijapani kwa kawaida ni robo-nusu ya inchi, yaani 1/8, za kipimo cha Kiingereza chenye nyuzi 28 kwa inchi, wakati adapta nyingi madukani ni za kipimo cha Kimarekani chenye nyuzi 27. Zinakaribiana kiasi kwamba adapta isiyofaa itaingia mizunguko miwili mitatu kisha ianze kukaza. Fundi asiyejua ataongeza nguvu, na alumini ya injini itachanika. Ikikaza mapema, itolewe itafutwe nyingine.

Injini iwashwe mpaka ipate joto lake la kazi, feni iwe imeshazunguka angalau mara moja. Presha ya injini baridi haina maana kwa uamuzi huu kwa sababu oili baridi ni nzito na geji itapanda hata kwa pampu iliyochoka. Isomwe injini ikiwa sailensa, kisha kwenye mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika. Namba sahihi ya injini yako imo kwenye kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji, na hiyo ndiyo ya kufuata. Kukupa picha tu, vitabu vya injini nyingi za petroli za Toyota vinataka isipungue kilopaskali 29 sailensa, ambazo ni kama psi 4, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya 150 na 550 hivi. Wengi hushtuka wakiona jinsi kiwango cha sailensa kilivyo kidogo. Mafundi wa zamani wana kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, nayo inasaidia kama dira, lakini injini za miaka ya karibuni zenye pampu inayojipunguza ili kuokoa mafuta zinaweza kusoma chini ya hapo zikiwa nzima kabisa.

Geji ikiwa imefungwa, mwambie fundi aikusanye ile mipira na nyaya mbali na feni na mkanda, na aangalie kama adapta inavuja. Oili ya moto ikirukia bomba la ekzosi inawaka.

Presha ikiwa nzuri, umeshaokoa injini yako isifunguliwe bure, na sasa tunahamia kwenye umeme. Kabla ya maltimita, kile kifaa cha kupimia volti na omu, kuna macho. Gari linalobeba dagaa lina harufu isiyotoka, na panya huifuata. Ukilipaki usiku wanaingia kwa chini, wanakaa juu ya injini yenye joto na kutafuna ganda la nyaya. Fungua boneti ufuate kishina cha nyaya, yaani fungu la nyaya zilizofungwa pamoja, kutoka kwenye soketi ya sensa hadi kinapoingia kwenye kishina kikubwa. Tafuta alama za meno, kinyesi, mahali kishina kinaposugua chuma au kinapokaribia ekzosi. Klipu nyingi za plastiki huwa zimevunjika fundi aliyepita alipokuwa na haraka, kishina kikabaki kinaning'inia, na kila shimo la barabara linakipigisha kwenye bloku.

Halafu chomoa soketi uangalie ndani. Ukikuta oili, ujue sensa fulani imevuja kupitia katikati yake, na oili hupanda ndani ya waya polepole hadi mbali. Ukikuta kijani au weupe, ni maji. Wewe niambie kama umewahi kuosha injini kwa pampu ya presha. Pale kwetu watu wakishuka na gari lenye vumbi la Buchosa jambo la kwanza ni kulipeleka kuoshwa, na kijana anaelekeza bomba moja kwa moja kwenye injini. Soketi zimetengenezwa kuhimili mvua na maji ya kurushwa na matairi. Maji yenye nguvu ya pampu kwa umbali wa shibiri moja yanapita kwenye mpira wake, yanabaki ndani, na baada ya wiki kadhaa pini zinaota kutu. Injini ifutwe kwa kitambaa, na kama ni lazima maji, yawe ya kumwagika taratibu na soketi zifunikwe.

Baada ya macho, vipimo. Swichi ya ufunguo iwashwe bila kuwasha injini, soketi ikiwa imechomolewa. Weka ncha nyeusi ya maltimita kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye pini moja moja za upande wa nyaya. Pini moja itaonyesha karibu volti 5. Ikikosekana kabisa, usikimbilie kusema kompyuta imekufa. Volti hizo 5 mara nyingi zinagawanywa kwa sensa kadhaa, ikiwemo ile ya presha ya gesi ya AC mbele karibu na rejeta, na sensa moja ikipiga shoti ndani inazivuta za wote. Ziache nyeusi na nyekundu hapo hapo, mtu mwingine achomoe sensa nyingine moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikichomolewa volti 5 zinarudi, au kipande cha nyaya zake, ndiyo yenye kosa. Kwa hali hiyo kawaida utakuwa na misimbo mingine pamoja na P0522, kwa hiyo muulize fundi wa kwanza kama mashine ilitoa huo mmoja tu.

Ethi ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Wengi huipima kwa kusikiliza mlio wa maltimita, ikilia wanasema nzima. Waya wenye nyuzi ishirini zilizobaki mbili bado utalia. Njia ya kuaminika ni kuchomeka soketi tena, swichi ikiwa imewashwa, kisha kupima volti kati ya waya wa ethi nyuma ya soketi na hasi ya betri. Isizidi sehemu ya kumi ya volti, na kwa kweli mimi napenda iwe nusu ya hapo. Tumia pini nyembamba inayopita pembeni ya waya kwa nyuma. Usitoboe ganda la waya, maana tundu hilo ndilo maji ya msimu ujao yatakapoingilia.

Waya wa taarifa sasa. Soketi imechomekwa, injini imezimwa, swichi imewashwa: utarajie karibu volti 0.5. Washa injini, volti ipande mara moja. Ongeza mizunguko, ipande zaidi. Wakati huo huo mashine ya kusoma misimbo iwe kwenye ukurasa unaoonyesha vipimo vya wakati huo, ulinganishe kile maltimita inachokiona kwenye sensa na kile kompyuta inachokipokea. Zikitofautiana, tatizo liko katikati yake. Kisha fanya kitu ambacho kwa tatizo lako naamini ndicho kitakachotoa jibu: mtu mmoja aangalie maltimita, mwingine akamate kishina cha nyaya na kukitikisa, akivuta kidogo, akipinda, akisogea hatua kwa hatua kutoka kwenye sensa kwenda mbali. Gonga soketi kwa kidole. Pale ambapo namba itaporomoka ghafla, simama. Umefika.

Kama hakuna kinachoonekana, kuna jaribio la kuthibitisha waya wa taarifa na kompyuta. Soketi imechomolewa, unaunganisha pini ya volti 5 na pini ya taarifa kupitia rezista ya omu 1,000. Mashine ionyeshe presha imeruka hadi juu kabisa, au msimbo ubadilike kuwa P0523. Ikifanya hivyo, waya na kompyuta ni wazima, na unarudi kuitazama sensa na pini zake. Isipobadilika, waya umekatika au umegusa ethi mahali. Kwa kutafuta mguso huo, toa hasi ya betri, chomoa soketi ya kompyuta, kisha pima omu kati ya waya wa taarifa na bodi ya gari. Pasiwe na muunganiko wowote.

Mawili nayakataza bila mjadala. Taa ya kupimia, ile ya balbu ambayo mafundi wengi wanatembea nayo mfukoni, isiguse nyaya hizi. Inavuta mkondo mkubwa kuliko kompyuta inavyoweza kutoa kwenye laini ya volti 5. Na asije mtu akachukua volti 12 za betri "kuichangamsha" sensa. Hapo utahama kutoka kwenye tatizo la waya hadi kwenye tatizo la kompyuta.

Kosa likipatikana, litengenezwe kwa heshima. Kuzungusha waya na kuufunga kwa utepe mweusi ni kuahirisha safari ya gereji hadi mvua za masika. Pini iliyoota kutu au iliyopanuka ibadilishwe. Maduka ya spea za mtumba huuza vipande vya soketi vilivyokatwa na nyaya zake, na kipande kizuri kina thamani kuliko sensa ya tatu. Waya uunganishwe kwa risasi, ufunikwe kwa mrija unaonywea kwa joto, kishina kirudishwe kwenye klipu zake kikiwa na nafasi kidogo ya kucheza injini inapotikisika. Kabla ya kufuta msimbo, fundi aandike pembeni vipimo ambavyo kompyuta ilihifadhi wakati hitilafu ilipotokea: joto la injini, mizunguko, mwendo. Wengi hufuta kwanza, na ushahidi unakwenda na maji.

Kuhusu oili ya 20W-50: tumia unene ulioandikwa kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha oili. Injini za umri wa gari lako mara nyingi huandikiwa oili nyepesi, kama 0W-20 au 5W-30, kwa sababu nafasi ndani ya beringi ni ndogo na mfumo wa kubadilisha majira ya vali unaendeshwa na oili hiyo hiyo. Oili nzito itapandisha mshale wa geji, ni kweli, lakini mshale unapanda kwa sababu oili inapita kwa shida. Volti kwenye waya uliolika haitaisaidia hata chembe. Na fundi anayetaka kukata waya wa taa, mshukuru, ondoka. Siku pampu itakapokufa kweli hutakuwa na chochote cha kukuambia.

Vipi kama geji itaonyesha presha ndogo kweli? Hata hapo injini haifunguliwi yote siku hiyo hiyo. Angalia kwanza kama oili inanuka petroli au imekuwa kama maziwa. Badilisha oili na filta, kwa filta ya ubora unaojulikana, kisha pima tena. Ikibaki chini, sampu ishushwe, wavu wa kuvutia oili uangaliwe. Gari lililokawizwa oili hujaza tope jeusi hapo, na wakati mwingine vipande vya gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wingi na fundi aliyepita. Baada ya hapo ndipo vali ya kupunguzia presha, pampu, na mwishoni beringi. Sampu ikishuka na kukuta chembe za chuma zinazong'aa, hapo fundi wa kwanza atakuwa na haki, na gari lisiwashwe tena mpaka injini ifunguliwe.

Wasomaji wenye magari ya zamani yenye waya mmoja tu kwenye kifaa cha presha ya oili wasifuate vipimo hivi vya volti 5. Yao ni swichi ya kawaida: presha ikikosekana inaunganisha waya na bodi, taa inawaka. Ufunguo ukiwashwa bila injini, chomoa waya, taa izime, gusisha kwenye chuma, iwake. Ikifuata hivyo waya na taa ni vizima, kilichobaki ni swichi au presha, na geji ndiyo itakayoamua.

Kazi niliyoieleza hapa si ya kufanya peke yako kando ya barabara kama hujawahi kushika maltimita. Tafuta fundi umeme wa magari, si fundi injini, mwenye maltimita na mchoro wa nyaya wa gari lako. Pale Nyakato na Mabatini wapo, na waliopita VETA wamefundishwa kupima namna hii. Kabla ya kukubaliana bei muulize atapimaje ethi. Akikujibu kwa volti, mwachie gari. Akisema atabadilisha sensa kwanza aone, endelea kutafuta. Kulipia upimaji peke yake, bila spea, ni jambo la haki, na ninakuomba ulikubali, maana saa mbili za kupima ni kazi kama kazi nyingine.

Ikiwa umeshindwa kabisa kuacha gari na taa nyekundu ikabaki inawaka huku injini inafanya kazi, toka pembeni mahali salama, zima mara moja, angalia stiki, na livutwe kutoka hapo hata kama oili ipo. Geji ikishathibitisha presha na nyaya zikatengenezwa, liendeshe siku chache hapa hapa mjini, Igoma kwenda Buhongwa na kurudi, ndipo urudi kwenye njia ya vumbi.

Ukishapima niandikie namba hizi: presha sailensa na kwenye mizunguko 3,000 injini ikiwa ya moto, volti za pini zote tatu, na kama ulikuta oili au kutu ndani ya soketi. Na useme msimbo P0522 ulikuwa peke yake au na wenzake.